Ofisi ya maafa haizimi moto

Watu wengi wakisikia jiji lina ofisi ya kushughulikia maafa, hudhani ni kikosi kingine cha uokoaji, chenye magari yake na vijana wa kubeba majeruhi. Ndiyo maana mafuriko yakija huuliza kwa hasira: hao wako wapi? Mara nyingi wako kituoni, kwenye simu, na hapo ndipo wanapotakiwa kuwa.

Moto huzimwa na zimamoto, majeruhi hutibiwa hospitalini, barabara hufungwa na polisi. Kazi ya ofisi ni kuhakikisha hao wote hawagongani: nani anaongoza, shule ipi itapokea waliohamishwa, jenereta litoke wapi, wananchi waambiwe nini. Sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanyika kabla ya maafa, katika mipango na mazoezi ya kuchosha ambayo hakuna anayekuja kuyapiga picha.

Tazama New York. Ofisi yake, iliyoanzishwa mwaka 1996, ilikuwa na kituo cha uratibu ndani ya jengo la 7 World Trade Center. Tarehe 11 Septemba 2001, magaidi waliposhambulia kwa ndege minara miwili ya jirani, wafanyakazi waliondolewa, na jioni jengo lenyewe likaporomoka. Kukiweka kituo pale lilikuwa kosa, kwa maoni yangu. Hata hivyo uratibu haukufa: siku chache baadaye ulikuwa umehamia Pier 92, gati la jiji ambako tarehe 12, siku moja tu baada ya shambulio, palikuwa pamepangwa kufanyika zoezi la kugawa dawa iwapo jiji lingeshambuliwa kwa vijidudu.