Ubaguzi wa ulemavu katika siasa: maana yake

Kwenye kampeni za mtaa wetu, hapa Temeke, mgombea alishika maiki akasema, "Tumechoka kuongozwa na vipofu na viziwi!" Watu wakashangilia. Mstari wa mbele alikuwa amekaa mama mmoja, fimbo yake nyeupe mapajani. Aliikunja taratibu, pingili moja baada ya nyingine, akaificha chini ya kanga.

Ubaguzi wa ulemavu ni kuuhesabu ulemavu wa mtu kuwa upungufu wa uwezo wake, kisha kumpimia nafasi kwa kipimo hicho. Si lazima uje na chuki. Mara nyingi huja na huruma: "Maskini, tusimchoshe."

Katika siasa huanzia mdomoni. Bajeti mbovu huitwa kilema, mbunge asiyechangia huitwa bubu. Lakini kiongozi aliyepuuza wananchi ana masikio mazima. Amekataa tu kusikiliza. Kiziwi hajakataa kitu, na akiwekewa mkalimani wa lugha ya alama anafuata kikao mwanzo hadi mwisho. Kwa nini basi tusiseme wazi kwamba kiongozi amezembea? Maana ukizoea kusikia kwamba upofu ndio uongozi mbaya, siku asiyeona anapogombea, jibu unalo tayari.

Sheria zipo. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009. Ibara ya 29 inataja haki ya kupiga kura, kugombea na kushika madaraka. Mwaka 2010 ikatungwa Sheria ya Watu Wenye Ulemavu. Mwaka huohuo wapiga kura wa Lindi Mjini walimchagua Salum Khalfan Barwany, mwenye ualbino, kuwa mbunge wao, na hicho ni kipindi ambacho watu wenye ualbino walikuwa wakiwindwa na kuuawa. Wengine wameingia kwa uteuzi, jambo jema, ila kura za jimbo zina uzito wake.

Yule mama ni mwenyekiti wa kikoba chetu. Marejesho ya kila mwanachama anayo kichwani. Alipochukua fomu ya ujumbe wa serikali ya mtaa, swali la kwanza aliloulizwa lilikuwa, "Utauzungukaje mtaa?" Wenzake wenye macho hawakuulizwa waliuzunguka mara ngapi. Fomu hakuirudisha.