Nakago ni nini, na kwa nini kutu yake haiguswi

Jembe lina msuka, kisu kina msuka: ule mkia wa chuma unaozama ndani ya mpini. Mwenye jembe haukumbuki mpaka siku mpini unapoanza kucheza. Upanga wa Kijapani nao una msuka wake. Wajapani huuita nakago, na kwa mtu anayekusanya panga za kale hakuna sehemu yenye maneno mengi kuliko hiyo. Makali ndiyo yanayovuta macho ya mgeni. Mjuzi huomba kwanza mpini uvuliwe.

Kuuvua ni kazi ndogo. Mpini wa katana haukugundishwa kwa gundi wala kupigwa ribiti. Unashikiliwa na kijiti kimoja cha mwanzi, mekugi, kinachopita kwenye tundu la mpini na tundu la nakago. Kisukume kwa upole upande wa pili, kitoke, na mpini wote unateleza. Hapo unaona kipande cha chuma chenye urefu wa sentimita 20 hivi, chenye rangi ya kahawia au nyeusi, kimejaa kutu, na pengine kimechongwa maandishi.

Kwa kuwa kila kitu kinavuliwa, upanga mmoja huweza kuvishwa mara nyingi katika maisha yake. Ala hubadilishwa, mpini hubadilishwa, na tsuba, kile kisahani kinachokinga mkono, hubadilishwa pia. Chuma kilichofuliwa karne ya 14 kinaweza kuwa kimevaa tsuba ya karne ya 18 na mpini uliosukwa upya juzi. Ndiyo sababu tsuba na mapambo mengine hukusanywa peke yake, kama fani inayojitegemea yenye mabingwa wake. Ukoo wa Gotō, kwa mfano, ulitengeneza mapambo ya panga kizazi baada ya kizazi tangu karne ya 15. Anayekadiria umri wa upanga kwa kutazama mapambo yake ni sawa na anayekadiria umri wa mzee kwa kutazama kanzu aliyovaa.

Turudi kwenye kutu, maana hapa ndipo hasara kubwa hutokea. Upanga hunolewa na kung'arishwa tena na tena na fundi maalumu, na kila mara unapoteza chuma kidogo. Nakago haiguswi. Mhunzi huimaliza kwa tupa, huchonga jina lake akitaka, halafu huiacha. Kuanzia siku hiyo inaota kutu taratibu ndani ya giza la mpini, karne baada ya karne. Nakago changa ina rangi ya kijivu na kutu nyekundu ya juujuu. Iliyozeeka ina kutu nzito, laini, yenye kina, ya kahawia iliyoiva hadi kukaribia weusi. Hakuna tindikali inayoweza kuiga kazi hiyo vizuri ikamdanganya mtu aliyeshika nakago nyingi. Sasa mrithi anaufungua upanga wa babu, anaona "uchafu", anachukua msasa. Dakika kumi zinatosha kufuta ushahidi wa miaka 500, na thamani inaondoka na lile vumbi jekundu. Nakago hupanguswa kwa kitambaa tu.

Chini ya kutu kuna alama za tupa, yasurime. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kuufanya mti ushike chuma usiteleze, lakini kila shule ya wahunzi ilikuwa na mkono wake. Wengine walipiga mistari ya mlalo, wengine mshazari, wengine mistari inayokutana katikati kama unyoya wa mwewe. Umbo la nakago nalo husema. Muramasa, mhunzi wa jimbo la Ise, anajulikana kwa nakago iliyofutuka kama tumbo la tanago, samaki mdogo wa maji baridi.

Halafu hesabu matundu. Tundu moja huashiria kwamba huenda upanga upo kama ulivyotoka kwa mhunzi. Hali hiyo huitwa ubu. Matundu mawili, matatu, yana hadithi. Panga ndefu za zamani, tachi, zilikuwa za wapanda farasi, zikining'inizwa kiunoni makali yakitazama chini. Baadaye vita vikawa vya miguu, na katana ikachomekwa mshipini makali yakitazama juu, fupi zaidi, rahisi kuchomoa. Wenye tachi nzuri hawakuzitupa, walizifupisha. Lakini hukati ncha ya upanga, maana ncha ndiyo roho ya kazi ya mhunzi. Unakata mkia, kisha unausogeza mwanzo wa mpini juu na kutoboa tundu jipya. Kufupisha huko huitwa suriage. Kukiwa kukubwa kiasi cha kuondoa nakago yote ya awali, huitwa ō-suriage, na jina la mhunzi linaondoka na kile kipande kilichokatwa.

Matokeo yake, baadhi ya panga bora kabisa za Japani hazina jina. Masamune wa jimbo la Sagami, aliyefanya kazi mwishoni mwa karne ya 13 na mwanzoni mwa karne ya 14, ndiye mhunzi anayetajwa kuliko wote, na bado kazi zenye saini yake inayokubalika ni chache mno. Panga ndefu zinazohesabiwa kuwa zake hazina saini. Zimetambuliwa kwa chuma chenyewe. Wenye kazi hiyo ya kutambua walikuwa ukoo wa Hon'ami, waliowatumikia watawala kama wakaguzi na wang'arishaji wa panga. Wakishajiridhisha, waliandika hukumu yao kwenye karatasi iliyokunjwa, origami, neno ambalo huku kwetu tunalijua kwa ndege wa karatasi. Wakati mwingine waliiandika hukumu hiyo kwenye nakago yenyewe, kwa herufi za dhahabu zilizopachikwa ndani ya chuma. Ukikuta dhahabu kwenye nakago, kwa kawaida hiyo si saini ya mhunzi. Mara nyingi ni maoni ya mkaguzi.

Saini yenyewe huitwa mei. Huweza kuwa herufi mbili tu, au sentensi nzima: jimbo, kijiji, jina, na upande wa pili tarehe. "Bizen no kuni Osafune jū Sukesada" maana yake ni Sukesada, mkaazi wa Osafune, jimbo la Bizen. Usishangilie mapema. Jina Sukesada lilitumiwa na wahunzi wengi mno, na wakati wa vita vya karne ya 16 Osafune ilitoa panga kwa wingi kama matofali.

Upande uliochongwa nao ni ushahidi, kwa kuwa desturi ilikuwa jina likae upande wa nje, mbali na mwili wa mvaaji. Simamisha upanga ncha juu, tazama upande wenye jina: makali yakiwa kushoto, umesainiwa kama katana, yakiwa kulia, umesainiwa kama tachi. Wapo wahunzi waliokwenda kinyume, ila kanuni hiyo inakufikisha mbali.

Na hapa ndipo neno gimei linapoingia: saini ya uongo. Uongo huu si wa soko la intaneti. Una karne nyingi. Jina kubwa lilipandisha bei, lilipendeza kama zawadi, na lilimpa samurai mdogo kitu cha kujivunia. Nagasone Kotetsu, mfua deraya wa karne ya 17 aliyegeukia panga akiwa Edo, Tokyo ya leo, alighushiwa kiasi kwamba Wajapani wana msemo: ukiona Kotetsu, jua ni bandia. Kondō Isami, mkuu wa Shinsengumi, kikosi cha wapiganaji waliomtumikia shogun, aliandika baada ya mapambano katika nyumba ya wageni ya Ikedaya mjini Kyoto mwaka 1864 kwamba upanga wake ulisalimika, pengine kwa sababu ulikuwa Kotetsu. Wajuzi wengi wanatilia shaka kwamba ulikuwa Kotetsu kweli. Ulikata, hata hivyo.

Mkaguzi anaitazamaje saini? Anatazama kama kutu iliyo ndani ya mifereji ya tindo inalingana na kutu ya pembeni. Jina jipya juu ya chuma kizee huonekana kama chale mpya kwenye kovu. Anatazama mkono: pembe ya tindo, mpangilio wa mapigo, kama anavyosoma mwandiko. Zaidi ya yote anauliza kama upanga wenyewe unakubaliana na jina. Kwa sababu hiyo, kwenye vikao vya kantei, yaani mazoezi ya kutambua panga, nakago hufunikwa. Panga, mara nyingi tano, huwekwa mezani, na wanafunzi husoma umbo, chembechembe za chuma na hamon, ule mstari kama mawingu unaobaki makali ya moto yanapozimwa majini, kisha wanaandika jina. Aliyepatia huandikiwa atari. Jina lazima litoke kwenye chuma kwanza.

Leo hukumu zinazoheshimiwa sana hutolewa na NBTHK, chama cha kuhifadhi panga kilichoundwa mwaka 1948, chenye jumba lake la makumbusho Tokyo. Upanga wenye gimei hakipi cheti, hata kama chuma chake ni kizuri. Baadhi ya wenye panga huamua saini ya uongo ifutwe ili chuma kihukumiwe peke yake. Kadi ya usajili ambayo sheria ya Japani inataka kwa kila upanga nayo huandika urefu, mpindo, idadi ya matundu na maneno ya nakago.

Nje ya Japani, panga nyingi zilifika na wanajeshi wa Marekani na washirika wao baada ya 1945. Kati yake zipo za kiwanda tupu, zipo za wahunzi halisi, na zipo za kale za ukoo zilizovishwa mpini wa kijeshi. Mpini wa jeshi haukuambii ni ipi. Muhuri mdogo wa Shōwa au Seki kwenye nakago kwa kawaida ni dalili ya upanga usiofuliwa kwa njia ya jadi. Muhuri wa nyota ni wa wahunzi wa jadi walioidhinishwa na jeshi.

Kwa hiyo ukiwa na upanga wa namna hii na unataka maoni ya mjuzi, piga picha ya nakago pande zote mbili, ncha ikitazama juu, kwenye mwanga wa ubavuni ili mapigo ya tindo yatoe kivuli, na rula pembeni. Mekugi ikigoma kutoka usiipige nyundo, mpelekee aliyezoea. Picha ya makali yanayong'aa itume pia ukipenda, ataitazama ya pili.