Umemaliza Mafunzo, Hujafunzwa: Dhana Potofu za Wachezaji wa Michezo ya Mtandaoni

Vijana wanaokuja chumbani kwangu hapa Maweni, Malindi, kutaka kufunzwa michezo ya ushindani, karibu wote huanza kwa kauli moja: "Kaka, mambo ya msingi nayajua, mafunzo ya gemu nimeyamaliza yote." Huisema kwa fahari, na baadhi yao hufungua simu wanionyeshe nishani waliyotunukiwa na mchezo wenyewe. Nimeisikia kauli hiyo kiasi cha kuona afadhali niijibu kwa maandishi, pamoja na nyingine ndogondogo zinazoandamana nayo, ili atakayekuja kesho tuanzie mbele kidogo.

Dhana: "Mafunzo ya mwanzo nimeyamaliza, kwa hiyo kanuni za mchezo nazijua."

Hii ndiyo inayonichosha kuliko zote, nami nitakaa nayo.

Mafunzo ya mwanzo hufundisha vitufe. Hukuonyesha pa kubonyeza ili mhusika aruke, apige teke, ajikinge au abadilishe silaha, kisha hukupongeza kwa fataki na sarafu. Kanuni ni jambo jingine. Kanuni ni hesabu inayoamua kwa nini pigo lako limefika na la mwenzako halikufika, ilhali machoni penu nyote mlibonyeza kwa wakati mmoja. Hesabu hiyo ndiyo mchezo, na sehemu kubwa yake haiguswi kabisa katika somo la mwanzo.

Chukua Tekken, mchezo wa kupigana ngumi na mateke, ambayo vijana wa Pwani wameicheza tangu enzi za PlayStation ya kwanza na ambayo sasa hukutanisha watu kupitia mtandao. Mchezo huu hupima kila tendo kwa fremu, zile picha moja moja zinazopita kwenye skrini, 60 katika sekunde moja, yaani fremu moja ni takriban milisekunde 17. Ngumi ya haraka ya karibu kila mhusika huchukua fremu 10 kufika. Lile teke la kuruka linalomtupa mpinzani juu, ambalo kila mgeni hulipenda, wahusika wengi wakilipiga na likakingwa huwaacha wamechelewa kwa fremu 13. Maana yake ni kwamba aliyekinga huwa huru fremu 13 kabla ya aliyepiga, na katika muda huo aliyepiga hawezi kupiga, kuhepa wala kujikinga. Ngumi ya fremu 10 inaingia humo na nafasi inabaki. Ni haki yako, na hakuna namna ya kukunyima isipokuwa wewe mwenyewe usiichukue.

Wengi hawaichukui. Nilimtazama kijana mmoja, mwepesi wa vidole kuliko mimi, akilikinga teke hilo vizuri kabisa raundi nzima, na kila alipolikinga akabaki amekishikilia kitufe cha kurudi nyuma, mabega yamempanda, akisubiri pigo jingine. Nilipomuuliza kwa nini harudishi, akajibu kwamba anaogopa kupigwa tena. Alikuwa anamwogopa mtu ambaye kwa muda huo hana mikono. Hakuwa mzembe wala mzito wa kuelewa. Nilipomweleza mara moja tu alianza kuadhibu, yaani kurudisha pigo. Ila mafunzo aliyojivunia kuyamaliza yalimfundisha kujikinga bila kumwambia kwamba kukinga ni mlango wa kushambulia.

Tena isidhaniwe kwamba taarifa hizi hazikuwepo. Tekken 7 ilipoingia majumbani mwaka 2017 haikuja na somo la maana lolote, na uwezo wa kuziona fremu kwenye skrini ulipoletwa mwaka 2019 uliuzwa kando, kwa malipo yake, kama yanavyouzwa mavazi ya wahusika. Wachezaji ndio waliokuwa wamekwisha kuzihesabu fremu hizo na kuzigawa bure. Tekken 8 ya mwaka 2024 imeziweka nambari hizo ndani ya chumba cha mazoezi bila malipo ya ziada, hatua ninayoishukuru kwa dhati, lakini nambari kuonekana si sawa na mtu kujua kuzisoma.

Kasoro hii haiko katika michezo ya ngumi pekee. Katika League of Legends, mchezo wa timu mbili zinazopambana, uliotolewa mwaka 2009, kila mhusika ana kiwango cha kinga dhidi ya mapigo ya kawaida, na ukitazama takwimu zake utaonyeshwa asilimia ya pigo inayopunguzwa. Kinga ya 100 hupunguza nusu ya pigo, na kinga ya 200 hupunguza theluthi mbili. Mchezaji akiona kwamba kinga 100 za mwanzo zimempa asilimia 50, na 100 za pili zimemwongezea kama 17 tu, huamua kwamba za pili ni kutupa dhahabu. Asichoambiwa ni namna hesabu inavyopigwa: pigo huzidishwa kwa 100, kisha hugawanywa kwa jumla ya 100 na kinga yako. Mwenye uhai wa 1,000 asiye na kinga huuawa kwa mapigo ya jumla ya 1,000; akiwa na kinga 100, mpinzani anahitaji 2,000; akiwa na 200, anahitaji 3,000. Nyongeza ya pili imekuwa na thamani sawasawa na ya kwanza. Asilimia iliyo sahihi kabisa kihesabu ndiyo iliyompotosha, kwa sababu aliachwa aifasiri peke yake.

Wapo wanaodai kwamba makampuni huyaficha haya makusudi. Sioni hivyo. Anayetengeneza mchezo wa bure anapigania dakika za kwanza za mgeni. Akimketisha darasani amsomeshe hesabu za fremu, mgeni huyo ataifuta programu na kufungua nyingine, na ndiyo sababu somo la mwanzo hufanywa fupi, jepesi na la kusifu. Kanuni zenyewe nazo hazitulii: League hufanyiwa marekebisho takriban kila wiki mbili, na somo lenye nambari ndani yake lingehitaji kuandikwa upya kila mara. Kisha kuna mbinu ambazo hata watengenezaji hawakuzipanga. Mfululizo wa mapigo yanayoshikana, ambao leo ndio roho ya michezo yote ya ngumi, ulijitokeza bila kukusudiwa katika Street Fighter II ya mwaka 1991. Watengenezaji waliugundua walipokuwa wakiujaribu mchezo, wakauacha ulivyo. Jambo ambalo mwenye mchezo hakulibuni hawezi kuwa ameliandalia somo.

Wazee wetu wa barazani wanalielewa hili bila kuelezwa. Nenda Lamu ukae kando ya ubao wa bao: kwamba kete ni 64, kwamba unaanza na namua, hatua ya kuingiza kete za mkononi, kisha unaingia mtaji, hatua ya kucheza zilizo ubaoni, hayo utaelezwa kabla kahawa haijapoa. Lini uilinde nyumba, lile shimo kuu la kete zako, na lini uitumie utajifunza kwa kufungwa, kwa kuchekwa, na kwa mzee mmoja kukunong'oneza ulipokosea. Hakuna anayemaliza maelezo ya kete akatangaza kwamba anajua bao. Sijui ni kwa nini kijana yuleyule akishika simu husahau adabu hiyo.

Ushauri wangu, ambao wanafunzi wangu wameuchoka na sitaacha kuutoa, ni huu: ingia katika chumba cha mazoezi ukiwa na swali moja tu. Si kuingia kupiga-piga kidoli mpaka vidole vichangamke, la. Swali. "Nikilikinga teke hili, ni pigo gani langu linaloingia?" Tekken hukuruhusu kumrekodi mpinzani wa mazoezi akirudia tendo lilelile, mwache alirudie, jaribu mapigo yako moja baada ya jingine, na andika lililoingia. Katika michezo ya timu fungua mechi ya faragha na rafiki mmoja, yeye asimame, wewe umpige, kisha abadilishe kinga na umpige tena, mkihesabu. Robo saa ya namna hiyo hufunza kuliko jioni nzima ya mechi ambazo hujui umeshinda kwa nini wala umeshindwa kwa nini. Na daftari, tafadhali. Wanaonicheka kwa ajili ya daftari ndio wanaoniuliza swali lilelile wiki inayofuata.

Dhana: "Mechi zangu za kwanza nilishinda zote, basi nilishaelewa."

Ulishinda roboti. Epic Games ilitangaza wazi mwaka 2019 kwamba inaingiza wachezaji bandia katika mchezo wake wa kurushiana risasi, Fortnite, ili wageni wapate pa kukulia, na PUBG, mchezo wa aina hiyohiyo, kwa upande wa kompyuta ilifuata mwaka 2020. Kwenye simu mambo ni hayohayo: mechi za mwanzo huwa zimejaa watu wanaokimbia wakiwa wima, husimama kukufyatulia na hukukosa kwa karibu. Nia yake si mbaya, lakini huzaa tabia mbovu, kwa kuwa mgeni hujizoesha kukatiza uwanja mweupe akiwa wima, na siku anayopandishwa kwa watu wenye akili zao hudhani mchezo umeharibika.

Dhana: "Hakuna mchezo wowote unaofundisha, bora kwenda YouTube moja kwa moja."

Hii ni dhana ya kwanza iliyogeuzwa upande wa pili. Street Fighter 6 ya mwaka 2023 ina masomo ya msingi, ina mwongozo wa kila mhusika unaoeleza pigo fulani hutumika lini, na ina kipimo cha fremu kinachochorwa chini ya skrini wakati wa mazoezi. Nimekaa na watu walioanzia hapo bila kujua lolote wakafika mbali. Kwa hiyo kafungue menyu ya mazoezi ya mchezo wako kabla ya kulalamika kwamba haina kitu. Wengi wanaolalamika hawajawahi kuifungua.

Kuhusu video, zinafaa, ila tazama tarehe. Maelezo ya silaha yaliyorekodiwa kabla ya marekebisho matatu yaliyopita hukufundisha mchezo ambao haupo tena. Orodha ya mabadiliko ambayo hutolewa pamoja na kila sasisho, ile ambayo nyote huifunga haraka ili muingie uwanjani, ndiyo maandishi yanayokuambia kanuni gani imeguswa na kwa kiasi gani.

Dhana: "Nilishajificha nyuma ya ukuta nikafa, kwa hiyo yule anatumia hila."

Hili linastahili maneno zaidi kidogo, kwa kuwa hakuna somo la mwanzo nililowahi kuliona linaloligusa, na huku kwetu ndilo linalozua ugomvi mwingi kuliko lolote.

Mchezo wa kurushiana risasi mtandaoni hauamuliwi na simu yako wala na ya mwenzako, bali na seva, kompyuta kuu ya mchezo, iliyo mbali. Unachokiona kwenye skrini ni habari iliyokwisha kusafiri. Michezo mingi, ili kumtendea haki mpigaji, huirudisha nyuma saa ya seva na kuuliza: wakati huyu anafyatua, kwenye skrini yake mlengwa alikuwa wapi? Ikiwa kwake ulikuwa bado uko nje ya ukuta, risasi inahesabiwa, hata kama kwako wewe umekwisha kujificha. Hakuna hila hapo. Kuna umbali.

Umbali huo haufutwi kwa kununua kifurushi kikubwa cha data, ingawa wateja wangu hubishana nami juu ya hili mpaka usiku. Kasi ya kupakua ni wingi wa maji yanayopita. Pingi ni muda wa habari kwenda na kurudi. Kebo ya intaneti ya TEAMS, iliyoanza kazi mwaka 2009, inatoka Mombasa hadi Fujairah katika Falme za Kiarabu, mwendo wa takriban kilomita 5,000 chini ya bahari. Mwanga ndani ya nyuzi za kioo husafiri kama kilomita 200,000 kwa sekunde. Piga hesabu: milisekunde 25 kwenda na 25 kurudi, kabla hujahesabu kipande cha Malindi hadi Mombasa, mitambo ya njiani na mnara wa simu unaougawana na mtaa mzima. Hakuna kifurushi kinachoushinda mwanga.

Linalowezekana ni hili. Washa kipimo cha mtandao katika mipangilio ya mchezo, ambacho mara nyingi huja kikiwa kimezimwa, na usicheze bila kukiona. Pale unaporuhusiwa kuchagua seva, linganisha. Dota 2, mchezo wa timu kama League, kwa mfano, ina seva Dubai na Afrika Kusini, na iliyo bora kwako inategemea kampuni yako ya mtandao inapitisha njia gani, kwa hiyo jaribu zote mbili kwa saa tofauti, hasa baada ya isha ambapo watu wengi huwa mtandaoni. Ukiona nambari inarukaruka, 70 kisha 190 kisha 80, ahirisha mechi ya daraja, ile inayokupandisha au kukushusha cheo, ukafanye mazoezi. Na ukijua kwamba unachelewa kwa milisekunde 120, anza kujificha mapema kidogo kuliko macho yako yanavyokuambia, na acha kuchungulia kwa muda mrefu kwenye kona moja, kwa kuwa mpinzani anayetokea ghafla hapo hukuona wewe uliyetulia huku wewe bado unaiona kona tupu.