Mechi ya watani iandikwe kwenye mkataba

Februari 25, 2012, timu ya mpira wa kikapu ya chuo kikuu cha Kansas ilikuwa nyumbani Allen Fieldhouse dhidi ya watani wao Missouri, wako nyuma kwa pointi 19 kipindi cha pili. Wakazirudisha zote, wakalazimisha muda wa nyongeza, wakawafunga Missouri 87-86. Mechi yao iliyofuata ya msimu wa kawaida ilichezwa Desemba 2021. Katikati hapo kuna wanafunzi walioingia chuoni, wakasoma miaka minne, wakahitimu bila kuiona hata mara moja mechi iliyokuwa ikichezwa tangu 1907. Missouri walihamia SEC, ligi nyingine ya vyuo, na kocha wa Kansas, Bill Self, hakutaka kuendelea kukutana nao.

Kazi yangu ni kupanga ratiba za mpira wa kikapu wa vyuo vya Marekani, na huwa naulizwa: kwa nini utani wa jadi ufe kwa sababu ya kuhama ligi tu? Mashabiki wanalaumu fedha za televisheni, tena za futiboli ya Kimarekani, na wana haki. Mkataba wa televisheni ambao Big Ten, moja ya ligi kubwa za vyuo, waliusaini 2022 unazidi dola bilioni 7 kwa miaka saba. Kufikia 2024 Pac-12, ligi ya pwani ya magharibi, ilikuwa imesambaratika, wakabaki Oregon State na Washington State peke yao. Kutoka Oregon State hadi Oregon ni mwendo wa gari usiofika saa moja, na wamekutana zaidi ya mara 350, kuliko timu nyingine zozote mbili za daraja la kwanza. Leo Oregon wako Big Ten pamoja na Rutgers wa New Jersey, upande wa pili wa nchi, na jirani yao inabidi atafutiwe nafasi.

Nafasi yenyewe ni finyu kuliko watu wanavyodhani. Msimu umekuwa na kikomo cha mechi 31. Katika Big Ten, mechi za ligi zinachukua 20. Mashindano ya Novemba, yale ya Bahamas au Las Vegas, yanakula mbili au tatu. Zinabaki nane hivi, na hapo kocha anataka nne au tano za nyumbani dhidi ya vyuo vidogo vinavyolipwa kuja, maana anahitaji mapato ya tiketi na ushindi kabla ya Januari. Mtani anaachiwa nafasi chache zilizobaki, naye anazigombania na kila timu kubwa ambayo televisheni ingependa kuionyesha.

Kisha kuna NET, orodha ya ubora inayotumika tangu 2018 kusaidia kuchagua timu za mashindano ya taifa ya Machi. Ukishinda ugenini dhidi ya timu iliyo ndani ya 75 bora, ushindi wako unaingia kundi la juu kabisa. Lakini mtani akiporomoka hadi nafasi ya 180, kumfunga nyumbani kwake hakukupi sifa kubwa, na akikufunga, kipigo hicho kinakuandama hadi Machi. Ndiyo safari ambayo makocha wanaikwepa. Hakuna anayetangaza kwamba utani umekwisha. Mwaka mmoja simu haipigwi, mwaka unaofuata tarehe imeshachukuliwa na mwingine.

Lakini utani unaweza kudumu. Kentucky na Louisville hawako ligi moja. Kwa miaka mingi Kentucky waliwakwepa, hadi mashindano ya taifa yalipowakutanisha 1983. Tangu hapo wanacheza kila mwaka, isipokuwa UVIKO ilipoivuruga mechi ya Desemba 2021. Philadelphia nako, Big 5, utani wa vyuo vitano vya eneo hilo, ilianza 1955 na timu zake zimetawanyika katika ligi tofauti. Hata wao waliyumba: miaka ya 1990 waliacha utaratibu wa kila timu kukutana na kila timu, wakaurejesha 1999. Mwaka 2023 waliongeza chuo cha sita, Drexel, na kuunda mashindano yanayomalizika siku moja katika uwanja wa 76ers, timu ya kulipwa ya mji huo. Tarehe imepatikana, nami naifurahia, ila mpangilio huo haumkutanishi kila mtu na mwenzake, na ningependa zaidi mechi hizo zibaki Palestra, uwanja wao wa jadi.

Kwa hiyo mkataba wa watani uwe wa miaka kumi, nyumbani na ugenini, kwenye viwanja vya vyuo vyenyewe ambako wanafunzi wanaingia. Jumamosi ile ile ya Desemba itajwe. Faini ya kujitoa iwe kubwa kuliko faida ya kujitoa. Na kifungu kinachoruhusu mkataba kuvunjwa timu ikibadili ligi kifutwe, maana kuhama ndiko hasa tunakojikinga nako.

Upenyo upo. Msimu wa 2025-26 ligi za ACC na Big 12 zilipunguza mechi za ligi kutoka 20 hadi 18, na kuanzia 2026-27 kikomo cha msimu kinapanda hadi mechi 32. Hiyo moja ya ziada apewe mtani kabla wakurugenzi wa michezo hawajaiuzia televisheni, na mazungumzo yaanze sasa, kwa sababu Desemba hujaa mapema kuliko mwezi mwingine wowote.