Diski za Mgongo Zilizochakaa: Chanzo na Matibabu Yake

Wagonjwa wengi wa mgongo wanaofika kliniki yetu huwa na bahasha ya MRI (picha za ndani ya mwili zinazopigwa kwa sumaku) mkononi na hofu usoni. Majibu yamesema diski zimechakaa, nao wameshaamini kwamba mgongo umekwisha. Hofu hiyo lazima tuishughulikie mapema, kwa sababu mwenye hofu huacha kutembea, misuli inayoushika mgongo hulegea, na maumivu huzidi.

Kati ya pingili na pingili ya uti wa mgongo, isipokuwa zile mbili za juu kabisa shingoni, kuna diski. Kwa kawaida ziko 23. Katikati ya kila moja kuna ute mzito ambao ujanani huwa ni maji kwa takriban asilimia 80 au zaidi, na umezungukwa na tabaka za nyuzi imara. Diski ya mtu mzima karibu haina mishipa ya damu. Lishe yake hupenya polepole kutoka kwenye mifupa iliyo juu na chini yake. Umri unavyosonga, lishe hiyo hupungua, ute hukauka, diski hupungua unene na nyuzi hupata nyufa. Diski mbili za chini kabisa kiunoni ndizo zinazoathirika zaidi.

Wagonjwa hujilaumu sana: ni ule mzigo niliobeba, ni kile kiti cha kazini. Kunyanyua vitu vizito huku umejipinda, unene na mtikisiko wa gari kwa dereva wa safari ndefu huchangia, lakini tafiti za mapacha zimeonyesha kuwa sehemu kubwa ya uchakavu huu ni urithi. Sigara nayo hudhuru mishipa midogo ya damu inayoilisha diski.

Sasa turudi kwenye ile bahasha. Uchambuzi wa tafiti uliochapishwa mwaka 2015 uliangalia picha za watu wasio na maumivu yoyote ya mgongo. Diski zilizochakaa zilionekana kwa asilimia 37 ya wenye umri wa miaka 20, na kwa asilimia 96 ya wenye miaka 80. Ndiyo maana hatutibu picha. Tunamlaza mgonjwa chali na kuuinua mguu wake ukiwa umenyooka, tuone kama maumivu yatashuka mpaka chini ya goti. Tunamwomba atembee kwa visigino, kisha kwa vidole. Tunapima hisia za ngozi ya mguu. Picha huwa na maana pale inapokubaliana na tulichokiona.

Diski ikipasuka, ute wake unaweza kuigusa neva na kuivimbisha, na maumivu yakashuka kutoka kwenye tako hadi unyayoni. Ni maumivu makali kweli, hakuna anayeigiza. Hata hivyo, mara nyingi chembe za kinga za mwili huula ute uliotoka hadi ukanywea, na wagonjwa wengi hupata nafuu ndani ya wiki 6 hadi 12 bila kupasuliwa. Katika kipindi hicho tunatoa dawa za kupunguza maumivu na uvimbe kwa muda mfupi, kwa uangalifu zaidi kwa wenye vidonda vya tumbo au matatizo ya figo. Mtaalamu wa fiziotherapia hupanga mazoezi ya kiuno na tumbo. Kulala kitandani kusizidi siku moja au mbili; kutembea kidogo kidogo kunasaidia zaidi.

Lakini ukishindwa kukojoa au kuzuia choo, ukifa ganzi sehemu za siri na kuzunguka njia ya haja kubwa, au miguu ikipoteza nguvu ghafla, nenda hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku wa manane. Neva zilizobanwa namna hii zikicheleweshwa zinaweza zisirudi katika hali yake. Maumivu ya mgongo yanayoambatana na homa, au na kupungua uzito bila sababu, nayo yachunguzwe haraka.

Nje ya dharura, tunafikiria upasuaji pale maumivu ya mguu yasipopungua kwa wiki kadhaa za matibabu, au udhaifu wa mguu unapoongezeka. Daktari huondoa kipande cha diski kinachobana neva. Upasuaji huo hufanya vizuri kwa maumivu ya mguu. Kwa maumivu ya kiuno pekee matokeo hayatabiriki hivyo, kwa hiyo kabla ya kukubali, muulize daktari wako ni maumivu yapi hasa anatarajia kuyaondoa.