Kozi za eneo hazichaguliwi kwa jina

Kwa miaka mingi wanafunzi wa historia wameambiana kwamba ukibobea katika eneo fulani, tuseme Afrika, kila kozi yako lazima iwe na neno "Afrika" kwenye jina. Sivyo. Idara nyingi hutazama kilichomo ndani ya kozi.

Chukua mapinduzi ya Haiti, 1791 hadi 1804. Kozi yake huwekwa chini ya Amerika, lakini watumwa wengi walioasi walizaliwa Afrika, na baadhi yao walikuwa wamepigana vita katika ufalme wa Kongo kabla ya kuuzwa. Utamwelewaje mpiganaji huyo bila kujua alikotoka? Na mkutano wa Bandung, Indonesia, wa 1955, uliokutanisha nchi 29 za Asia na Afrika, utaufungia bara gani?

Kwa hiyo soma muhtasari wa kozi, mada za kila wiki na nyaraka zake, kisha uombe kibali cha maandishi cha mshauri wako kabla ya kujisajili.

Kujifunza lugha ya nyaraka nako kuanze mapema. Anayeandika tasnifu kuhusu Senegal ya kikoloni atakuta barua za magavana ziko kwa Kifaransa.