Bloku ya Parafini Bado Ina la Kusema

Katika kabati la maabara ninamofanya kazi, hapa Lubumbashi, mna bloku za parafini za miaka mingi, yaani vipande vya nyama ya wagonjwa vilivyohifadhiwa ndani ya nta, na chache mno kati yake zina hepatoblastoma, saratani ya ini inayowapata hasa watoto wasiozidi miaka 3. Duniani huonekana kwa mtoto mmoja au wawili hivi katika kila watoto milioni 1 kwa mwaka, kwa hiyo anayengoja wagonjwa wapya ndipo aanze utafiti atazeeka akingoja. Ni afadhali arudi kabatini.

Kikwazo ni fomalini. Huizuia nyama isioze, lakini hufungamanisha protini na asidi za nyuklia, na RNA ndefu zinazobeba maagizo ya kutengeneza protini hukatikakatika. Kitenge kikiraruka, maua yake hayaungiki tena. Kifungo cha shati kikidondoka, kinabaki kifungo. MikroRNA, RNA fupi mno inayodhibiti kazi ya jeni, ambayo Victor Ambros na Gary Ruvkun waliigundua katika mnyoo mdogo mwaka 1993, wakapewa Tuzo ya Nobel mwaka 2024, ndiyo kifungo hicho: ina nukleotidi (viungo vya mnyororo wa RNA) 22 hivi tu, tena hukaa imekumbatiwa na protini iitwayo Argonauti.

Kazi yenyewe huanzia kwenye hadubini. Kabla ya kukata vipande vya kupima kwa mikrotomu, mashine yenye wembe wa kukata nyama nyembamba mno, napaka rangi kipande kimoja juu ya kioo na kuzungushia uvimbe mstari wa kalamu, kwa sababu katika bloku hiyohiyo huwa mna ini zima lisilo na ugonjwa. Hapo ndipo wengi hujikwaa. MikroRNA iitwayo miR-122 peke yake hufikia kama asilimia 70 ya mikroRNA zote za ini la mtu mzima. Ukichota ini zima kidogo tu pamoja na uvimbe, itafurika kwenye kipimo, nawe utadhani umegundua jambo. Mimi nikiona miR-122 imepanda, kwanza naushuku wembe wangu.

Ni baada ya uangalifu huo ndipo matokeo huwa na maana. Mwaka 2010 watafiti walionyesha kwamba katika hepatoblastoma kali kundi la mikroRNA liitwalo miR-371-3 hupanda, huku nyingine, let-7a, miR-100 na miR-125b, zikishuka, na kwamba nyuma ya mabadiliko hayo iko jeni Myc, inayochochea seli kugawanyika.

Wakati mmoja tulipokea vipande kutoka hospitali fulani, vikiwa vimelowekwa katika fomalini isiyo na bafa, yaani chumvi za kuizuia isiwe asidi, nayo ikikosa bafa hugeuka asidi. Kwenye kioo zilitapakaa punje nyeusi za rangi ya fomalini, na RNA ilikuwa imeharibika hata sikudiriki kuipima. Zilikuwa bloku mbili, nasi kwa ugonjwa huu hatukuwa na za kutupa. Tangu siku hiyo, chupa ikifika mezani, kabla sijauliza umri wa mtoto nauliza kama fomalini ina bafa, na nyama imelala humo saa ngapi.